Siku ya Dabo

Kila Novemba, katika kichochoro nyuma ya Barabara ya Digo,
mashine yetu ya chapa huanza kukohoa kalenda:
ya duka la vyuma, ya bucha ya Bondeni,
ya Bi Shamsa muuza leso, atakaye picha ya waridi,
kila mwaka waridi lile lile.
Kazi yangu mimi ni nyekundu.
Karisa huchapa siku za watu wote kwa wino mweusi,
kisha karatasi hunijia, nizitie damu
zile ambazo serikali imesema tupumzike.

"Tarehe kumi, mwezi wa kumi," Karisa huuliza,
"mwaka huu yaitwaje?"
Na Bwana Twaha, miwani juu ya kipaji,
hupigia simu mtu amjuaye mtu Nairobi.
Mwaka mmoja tulikuwa tushachapa elfu mbili,
tushazifunga kamba, jina likageuka Disemba.
Siku tatu tuliketi kubandika vibandiko,
vidole vikinuka gundi,
jina juu ya jina.

Nyumbani Chaani, mamangu hatupi kalenda.
Hutundika mpya juu ya kuukuu, msumari ule ule,
hata ukuta umeota kitambi.
Juzi nilizifunua, Oktoba baada ya Oktoba,
kama mtu amenyaye kitunguu:
Mazingira, na mche wa mkoko uliochorwa ovyo;
Utamaduni; Huduma;
halafu miaka kadhaa kumi ni nyeusi, siku ya kazi tu,
imevuliwa nguo kimyakimya;
na chini kabisa, kwenye karatasi ya rangi ya chai,
jina la mtu, kwa herufi kubwa,
zama tuliposimama uwanjani tukiimba
mate yametukauka, mwalimu akihesabu waliokosa.

"Mama, siku hii hasa ni ya nini?"
Hakuinua macho kwenye ungo wa mchele.
"Hino? Hino ni Siku ya Dabo."

Nikakumbuka.
Baba alikuwa kibarua Kilindini,
na bandari haijui sikukuu:
aingiaye zamu siku hiyo hulipwa mara mbili.
Wenye ajira walilala; yeye aliamka saa kumi,
akapanga foleni langoni na wenziwe
kabla muadhini hajasafisha koo.
Sisi wanne tulishinda nyumbani, hakuna shule,
hakuna baba.
Usiku alirudi na nusu kilo ya nyama
ndani ya gazeti lenye hotuba.
Mama aliyabandua maneno kwenye mnofu
kwa ncha ya kisu,
moja moja, mengine yalikataa kutoka.
Tukala. Baba akasinzia, tonge mkononi.

Majina yote yale ni mazuri, sisemi.
Mti ni mzuri, ngoma ni nzuri,
hata huduma, ukiipata.
Bi Shamsa asema leso bila jina ni shuka tu.
Nikamuuliza: na jina lisiloitikiwa na mtu?
Akacheka hadi buibui ikamteleza.
"Jina la leso haliiti, mwanangu. Lasuta."

Mwaka huu nimeliweka jina kama lilivyokuja,
jekundu, herufi ndogo, alisome asomaye.
Ila nakala moja, ya kupeleka Chaani,
niliipitisha mashineni mara ya pili.
Wino ukalala juu ya wino.
Kumi ikatoka nene, imeshiba,
imesogea kidogo kutoka mahali pake.
Karisa akasema imeharibika, nitupe.
Nikaikunja, nikaitia kwapani.

Mama aliitundika bila kuuliza.
Msumari umeanza kuinama.