Robo ya Sita

Kifutio nimekiacha nyumbani, kwenye droo ya vijiko.
Nimekuja na penseli mbili zilizochongwa
na kitabu cha alama chenye jalada la kijani
ambalo kikombe cha kocha kimelichora duara.

Ryeford, Montana. Januari.
Nje baridi inauma mpaka fizi,
magari yameachwa yakinguruma bila dereva
yasije yakagoma kuwaka saa nne usiku.
Ndani kuna bisi, soksi mbichi, taa moja inayopepesa.
Shule ina wasichana tisa wanaocheza.
Tisa, kwa timu mbili.

Basi wanaazimana miili.
Aliyeanza na timu ndogo saa kumi na moja
anarudi na timu kubwa saa moja,
jezi ileile, jasho lilelile.
Ndiyo maana wakubwa wakaweka kikomo:
robo tano kwa usiku kwa kila mtoto.
Na ukikanyaga uwanja hata kwa pumzi moja
hiyo ni robo, nzima.
Hesabu hii haina chenji.

Mhesabu ni mimi, Arlys Tveit:
mchana mpishi wa shule, Ijumaa usiku karani wa meza.
Kijistari kimoja, robo moja, kando ya jina.
Nawajua kwa njaa zao na kwa vijistari vyao.

Namba kumi na nne, Tressa Stiffarm.
Robo ya kwanza na wadogo, yote.
Ya pili, mwenzake alitoka pua damu
zikiwa zimebaki sekunde mbili.
Tressa akaingia, akadaka mpira, king'ora kikalia.
Nikachora.
Karani wa wageni alikuwa kwenye foleni ya chokoleti ya moto.
Kitabu chake hakijui.

Kisha timu kubwa: moja, mbili, tatu,
na Tressa kila mahali, kama maji sakafuni.
Arobaini na moja kwa arobaini na moja.
Imebaki robo ya mwisho.

Kocha Ostby anainama mezani.
Anajua. Anauliza vilevile:
"Arlys, kumi na nne ana ngapi?"
Karani wa wageni anatazama ukurasa wake.
"Mimi nina nne," anasema, kwa wema kabisa.

Sheria ni msumeno,
na usiku huu meno yake ni ncha ya penseli yangu.

Mwaka ule wa binti yangu nilifuta.
Kijistari kimoja tu, kwa kidole gumba na mate,
maana kifutio kingeonekana.
Hakuna kilichotokea. Goti lake halikuvunjika,
mbingu haikuanguka, tulishinda.
Kombe liko kwenye kabati la kioo karibu na jikoni,
na mimi napita pale nimebeba sinia
nikijifanya nahesabu vigae.

"Tano," nasema.
"Tano?"
"Ana tano, Denny."

Anaingia Juniper Haugen, wa kidato cha kwanza,
miwani imefungwa kwa ugwe.
Anapoteza mpira wa kwanza. Wa pili pia.
Wa tatu anautupa juu macho yakiwa yamefumba,
unaingia, na hata yeye anageuka kutafuta aliyeurusha.
Tressa yuko benchi, amelegeza kiatu kimoja,
anampigia kelele: "Kushoto, Juni! Kushoto kwako!"

Tulifungwa kwa pointi tatu. Niliandika hilo nalo.

Watu walipokwisha kutoka, alikuja mezani
na koti juu ya jezi, nywele zimeanza kuganda kwa jasho.
Akazungusha kitabu kikamwelekea.
Akaweka kidole. "Ni hiki?"
"Ndicho."
Akakitazama kama mtu asomaye bei
ya kitu alichokwisha kulipia.
"Kifupi kuliko vingine," akasema.

Nikaangalia. Kweli.
Mkono wangu ulikuwa umekichora nusu.