Mita Sitini

Ofisini kwetu penseli ya kijani haiishi upesi.
Ya manjano, ya makazi, nimeichonga tangu Januari
hadi imebaki kipande cha kushikwa kwa kucha.
Nyekundu ya biashara nayo imefupika.
Kijani imekaa koponi, ndefu, na ncha yake ya dukani,
kama mgeni wa shughuli asiyemjua mwenyeji.

Jumatatu nililetewa bonde:
mto Mbezi, karatasi nne zilizoungwa kwa gundi,
na agizo la mstari mmoja:
mita sitini kila upande, paka kijani.

Nikapaka kwa ubavu wa ncha. Mkono haukusita.
Nikapita juu ya tanuri la tofali,
juu ya matembele ya Siwema binti Pazi,
juu ya kanisa la mabati na pampu ya kuoshea magari,
juu ya choo ambacho mlango wake ni khanga.
Kwa kipimo changu nyumba ni punje ya mtama.
Punje haipigi kelele ukiipaka rangi.

Jumatano tukashuka kuhakiki, mimi na Lwitiko.
Siwema akaishika ncha ya kamba, akaigeuzageuza.
"Mnaanzia maji ya leo,
au ya mwaka ule yaliyobeba jiko langu?"
Akatuonyesha mkorosho, mizizi imening'inia hewani.
"Huu ulikuwa katikati ya shamba.
Malori yakaja kuchota mchanga, usiku na mchana.
Mto ukatafuta pa kukaa.
Sasa mimi ndiye niliyeusogelea?"

Lwitiko akaandika kitu. Nikachungulia:
alikuwa ameandika tarehe.

Njiani kurudi sikusema neno.
Mchanga ule naujua ulikokwenda.
Umo kwenye ghorofa saba za ofisi iliyotoa agizo,
umo kwenye ngazi ninazopanda na chupa yangu ya chai,
umo kwenye zege la nyumba yangu, Goba,
niliyoijenga kwa mkopo wa chama cha akiba, tripu kumi na nne,
nikambembeleza dereva apunguze bei.

Nyuma ya nyumba hiyo kuna kijito.
Hakina jina. Miezi tisa ni njia ya mbuzi;
masika hunguruma hadi watoto wanahamia kitandani kwangu.
Kwenye ramani hakipo.
Aliyeniuzia alisema, "Huu ni mfereji tu, dada,"
na mjumbe akagonga muhuri.

Usiku ule nikatoka na tochi na kamba ya ofisi.
Hatua kwa hatua nikapanda kutoka ukingoni:
thelathini, banda la kuku;
arobaini na nane, kamba ya kuanikia;
hamsini na tano, mlango wa nyuma.
Nikaingia ndani nikiivuta.
Sitini ikaishia kati ya jiko na friji,
pale ninaposimama kukoroga uji.

Hakuna aliyeuliza. Hakuna atakayeuliza.
Wenye kamba huwa hawapimwi.

Leo asubuhi nimefika kabla ya wenzangu.
Nimekichora kijito, bluu, chembamba kama uzi wa kushonea,
nikachukua kijani, nikaanza upande wa mbuzi,
nikalivuka banda, nikafika jikoni,
ncha ikavunjika.

Nimekaa nayo muda mrefu.
Nje, mashine ya kuchanganyia zege imeanza kuzunguka.
Kisha nimevuta kichongeo.
Maganda ya kijani mezani, mepesi:
ya kwanza mwaka huu.