Saa za Ghalani

Simu ya nne tangu alfajiri.
Sauti changa, laini kama ya muuza bima:
"Bwana Haskamp, senti sabini kwa maili,
na bonasi ya dola elfu kumi ukisaini."
Verlin anakoroga kahawa isiyo na sukari.
Kizuri chajiuza, anajisemea;
hiki kimejitembeza hadi North Platte, kwenye baridi hii.

Odell, kiti cha mkabala, hesabu anaijua:
elfu kumi hukatwa vipande kumi na viwili,
na cha mwisho hakuna aliyewahi kukiona.
"Mimi waliniahidi lori jipya.
Hita ilikufa Wyoming, nikalala na viatu."

Miaka ishirini na sita. Maili milioni tatu
bila kukwaruza hata kioo cha mtu.
Bado wanazitaka nywele zake wakapime,
bado watampandishia kijana wa juzi
amfundishe kurudi kinyumenyume.

Kuhusu hayo hasemi.
Anauliza moja tu:
"Nikifika ghalani saa kumi usiku,
wakanifungulia mlango saa nane mchana,
saa hizo ni zenu au zangu?"

Upande wa pili, karatasi zinapekuliwa.
"Nitamuuliza msimamizi."

Nje, theluji inafuta mistari ya maegesho.
Nyuma ya risiti ya dizeli
Verlin ameandika jina la kampuni.
Analikata, nusu,
kisha kalamu inagoma, au mkono.

Tarehe mosi ni Ijumaa.