Akidi Haijatimia

Barua ilisema saa nne. Sasa saba kasoro robo,
na mvua ya Tukuyu haina adabu ya kupumzika.
Wanachama wa ushirika wa maziwa: thelathini na nane.
Waliofika: kumi na mmoja.
Mwenyekiti Ambakisye anapiga miayo, ananiagiza:
“Katibu, andika. Akidi haijatimia.”

Naandika.
Shariffa wa duka la dawa za mifugo,
aliyesomea Tanga kabla ya kuolewa huku kwenye baridi,
anachungulia daftari langu, anacheka.
“Unajua ulichoandika? Ain, qafu, dali.
Mzizi wake ni fundo.”

Basi saa tatu hizi tumekaa tukisubiri fundo.

Anahesabu kwa vidole vinavyonuka dawa ya kupe:
kwanza fundo lenyewe, la kamba;
kisha mkataba, maana na watu hufungwa;
kisha mkufu, shanga zilizokubali uzi mmoja;
kisha itikadi, jambo ulilolikaza moyoni
hata wewe mwenyewe huwezi kulifungua.
“Na akida?”
“Naye yumo humo humo.”
Nilijua. Bibi alisema akida wa kodi ya kibanda
alikuja na kamba begani
karatasi ikafuata nyuma.

“Na miaka kumi,” anasema, “Mwarabu huiita hivyo hivyo.”
Hapo nanyamaza.
Akdi yangu na Lusajo ilidumu akdi moja.
Hakuna aliyeivuta.
Ilikuwa kamba ya mgomba iliyolala mvuani:
ilioza pale pale penye fundo.

Shariffa hajui, anaendelea:
asali ikichemshwa ikawa nzito, kitenzi ni hicho hicho.
“Na maziwa?”
Anafikiri. “Maziwa sina hakika.”

Mimi ninayo.
Nimeyaona alfajiri kwenye kibuyu cha mama,
maziwa ya juzi yaliyolala karibu na jiko:
hayakufungwa kamba, hayakutia sahihi,
hayakuitiwa mkutano,
yakashikana.

Mlango. Tumpale, gumbuti zimejaa tope,
nyuma yake Subilaga na mtoto mgongoni,
nyuma yao wale wa Masoko, wamelowa hadi kiunoni.
Daraja limezama, wanasema; wamevuka wameshikana mikono
na bado hawajaachiana vizuri.

Nahesabu. Kumi na saba. Kumi na nane.
Akidi ni ishirini.
Kumi na tisa.

Mwenyekiti anamtazama mtoto.
Kalamu yangu iko juu ya “haijatimia”.
Sijalikata.