Pembetatu

Miaka kumi na tisa nimeuchora ubaoni:
pembetatu, chaki nyeupe,
moshi kama nywele za mtu aliyetoka kuamka,
na kwa chaki nyekundu, ile moja ya muhula mzima,
kitone kwenye ncha.
"Huu ni mlima wetu. Nakilini."
Wakanakili.
Mlima wenyewe ulisimama dirishani, nyuma yao,
na hakuna aliyegeuka, wala mimi sikuwaambia wageuke.

Likizo hii mke wangu amechoka kuniona kitini.
"Si uuendee, basi," kasema, huku akichambua sombe.
Viatu ni vya shemeji Buhendwa, vikubwa;
ncha zake nimezijaza karatasi za mtihani wa zamani.

Kibati, saa nne asubuhi.
Wapagazi wameketi juu ya mawe wakimenya viazi,
mmoja akainuka: "Mwalimu wa jiografia!"
Kasereka. Nilimrudisha darasa mara mbili
kwa sababu ya latitudo.
Leo kajitwika mfuko wangu, godoro, makala, bido la maji,
na bado ana pumzi ya kupiga mluzi.

Msitu kwanza, matope na upupu.
Kisha mawe, meusi, mepesi,
yanayovunjika chini ya soli kama vyungu vya jana.
Anayajua kwa umri: "Hili ni la mwaka ule.
Lile pale ni kaka yake mkubwa."
Mwaka ule.
Nyumba ya mama kule Majengo iko chini ya nyumba ya mama;
choo tulikichimba kwa nyundo, siku ishirini na mbili,
na fundi alidai malipo kwa kila cheche.
Sikumwambia Kasereka. Naye ana yake, nadhani.

Nikataka kupumzika kwenye kibonde chenye majani laini.
"Hapo hapana, Mwalimu. Hapo kuna mazuku."
Akanionyesha kwa fimbo: ndege mdogo, mzima, bila jeraha,
amelala kama aliyeambiwa alale.
Hewa ile mimi naijua kwa herufi na namba.
Yeye anajua inapokaa.

Saa kumi. Mikono na magoti sasa.
Baridi inaniingia kwenye meno.
Nikafika, nikaitafuta ncha.

Hakuna ncha.
Kuna ukingo, halafu hakuna kitu,
halafu ukungu, ng'ambo mpaka ng'ambo.
Kumbe juu kabisa hakuna juu,
kuna mdomo tu.
Watoto mia ngapi wamenakili uongo wangu
kwa rula, kwa usafi,
nikawapa tisa juu ya kumi?

"Ngoja," akasema Kasereka, akipuliza makala.
Tulikula fufu na sambaza kavu, tukangoja.
Saa mbili usiku ukungu ukachanika
na chini, mbali kuliko nilivyodhani chini inaweza kuwa,
mstari mmoja mwekundu,
si mrefu kuliko ule ninaoupiga
juu ya jibu la mtoto aliyekosea.
Nikautazama mpaka macho yakatoa maji.
Moshi, nikasema. Moshi wa makala.
"Njo vile," akasema, kwa adabu.

Upande wa pili, Goma:
nusu ina taa, nusu haina.
Mtaa wetu niliutambua kwa giza lake.

Kesho yake, Kibati, nikavua viatu.
Kucha mbili zimekuwa nyeusi.
Karatasi zimelowa, zimekuwa uji,
ila kipande kimoja kinasomeka:
*Swali la nne. Kilele ni nini? Mstari mmoja. Alama mbili.*
Jibu limeyeyuka kwa jasho langu.

Kasereka alihesabu pesa zake, akahesabu tena,
akaniangalia miguu.
"Mwalimu, viatu mutaniachia?"
Nikamwambia si vyangu.
Ilikuwa kweli, na bado niliona haya
njia nzima, kwenye pikipiki,
mpaka Majengo.