Benchi la Meno

Jino ni ugonjwa wa heshima.
Ukisema jino, jirani anakuletea karafuu,
fundi mwenzako anakushikia nyundo,
hata mchungaji hakuulizi ulitenda nini.
Kwa hiyo niliaga Chavakali nimeshika shavu.
"Jino," nikamwambia wa bodaboda.
"Jino," nikamwambia mke wangu Kadenyi,
ambaye tangu Novemba analala na mwanamume
anayehesabu misumari ya bati hadi jogoo wa kwanza.

Hospitali pale Mbale, ujia ni mmoja, mrefu.
Mlango wa tatu, meno.
Mlango wa nne hufunguliwa Alhamisi tu,
una kibao cha buluu ambacho sikukisoma.
Nilikijua bila kukisoma,
kama mtu anavyojua mbwa yuko nyuma yake.

Alhamisi ya kwanza nilikaa benchi la meno,
nikahesabu waliopita, nikarudi kuchomelea geti.
Ya pili, mvua. Niseme kweli: manyunyu.
Ya tatu, nauli iliingia kwenye unga.
Na mjomba Amugune yupo siku zote,
alikufa mwaka wa themanini na tisa lakini yupo,
kamba ya katani kiunoni, nguzo ya ghala,
bakuli la bati likisukumwa kwa fimbo.
Hakuna aliyesema mjomba aliugua.
Walisema, "Yule."
Niliogopa kuwa yule.

Alhamisi ya nne benchi lilikuwa na mtu.
Bi. Kageha, mweka hazina wa chama chetu,
mwanamke ambaye ukimwona sokoni na hujalipa
unaingia duka la sanda kuuliza bei.
Kakaa wima, mkoba mapajani, kiganja shavuni.
"Jino?" akaniuliza.
"Jino. Nawe?"
"Jino."

Sasa, Mbale nzima inajua
meno ya Bi. Kageha, juu na chini, ni ya kununua,
huyalaza kwenye kikombe cha maua kila usiku.
Alijua kwamba najua.
Tukatazama ukuta, picha ya mswaki unaocheka.

"Lako linauma saa ngapi?"
"Saa tisa usiku. Halipigi kelele. Linaniita kwa jina."
"Langu ni mchana, nikihesabu fedha za watu.
Tangu tumzike Mmbone. Nafika elfu, nalia,
naanza tena na moja."
"Umelitia karafuu?"
"Nimelifungia siku saba, maji tu."
"Likashuka?"
"Nilishuka mimi. Kilo sita."
Nadhani nilicheka. Sauti ilinishtua,
kama mlango wa nyumba iliyohamwa.

Muuguzi akatokea mlango wa nne, akaita namba, si jina.
(Ahsante, muuguzi, kwa namba.)
Bi. Kageha akasimama, akanitupia mkoba.
"Shika huu. Ndani mna daftari la chama."
Nikakaa na deni langu mwenyewe magotini,
elfu nne na mia mbili,
na nitakimbiaje na mkoba wa mwanamke huyo?
Dakika arobaini. Akapita shemeji, akapita mwalimu mkuu,
akapita kijana anayeniletea vyuma.
Mkono wangu ulisahau shavu.

Alitoka macho mekundu, kilemba kimelegea.
"Zamu yako."
"Labda wiki ijayo..."
"Lihanda. Deni langu hulipwa na mtu aliye hai.
Ingia."

Nisikudanganye kuhusu mle ndani.
Kiti cha plastiki, feni mbovu, daktari mdogo kuliko kifungua mimba wangu,
aliyeuliza, kisha akanyamaza, kisha akangoja.
Kungoja kwake ndiko kulikonivunja.
Dawa moja haikuwepo; nikaandikiwa nikanunue.
Kurudi, baada ya wiki mbili.

"Nauli ya kurudi sina," nikamwambia langoni.
Bi. Kageha akafungua daftari juu ya tangi la bodaboda,
akalamba ncha ya kalamu ya risasi,
akaandika, kwa herufi zile zile anazotuandikia wote:
Lihanda. Jino. Mia mbili.