Kugeuza Sahani

Muuguzi Cibalonza amefunga kalamu yake kwa uzi shingoni,
magotini ana fomu ya kurasa mbili.
Tumekaa kwenye benchi la korido. Mvua ya Bukavu
inapiga bati kama mtu anayedai deni lake.
Ananiuliza mimi, si Nsimire,
ingawa Nsimire yupo, bega lake kwenye bega langu,
vidole vya mkono wa kulia vikicheza juu ya kitenge
kama bado anapima sambaza kwa kikombe.

Anakula mwenyewe?

Mwenyewe, nikasema.
Akaandika: kumi.

Sikumwambia upesi
kwamba anakula nusu ya kulia tu,
bugali upande huo, sombe upande huo,
hadi katikati ya sahani ubaki mstari
ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa kisu.
Kisha anafuta mdomo. Nimeshiba, anasema,
na macho yake yana njaa.
Hapo ndipo ninapogeuza sahani.
Anashtuka: Nani ameniongezea?
Anaomba tena baraka ya chakula, anaanza upya.
Nyumbani kwetu, ugumu huu wote wa maisha,
mke wangu anapakuliwa mara mbili.

Anavaa mwenyewe?

Kitenge anajifunga. Blauzi
inaingia mkono mmoja; wa pili unabaki nje,
mgeni ambaye hakuna aliyemfungulia.
Tano.

Anapanda ngazi?

Nikacheka, Mungu anisamehe.
Binti, unakaa wapi? Nguba, akasema.
Basi hujui. Kutoka soko la Kadutu hadi mlangoni petu
ni ngazi mia moja na kumi na nne, zimechimbwa kwenye udongo,
zimeshikiliwa na viroba vya mchanga na matairi ya zamani,
na siku kama ya leo hata vijana wa madumu
hupanda kwa miguu minne.
Akipanda, ukuta wa jirani Bisimwa uko kulia,
anauburuzia kiganja, anafika.
Akishuka, ukuta ule ule unahamia kushoto
na haupo tena duniani.
Anaugonga kwa bega. Kila asubuhi
anamlaumu Bisimwa kwa kujenga usiku.
Sasa andika, binti: kupanda ngapi, kushuka ngapi?

Akaandika tano, katikati ya vyote viwili.

Choo. Kuoga. Kutoka kitandani hadi kitini.
Nilijibu nikitazama viatu vyangu,
mimi fundi viatu, nikiona nyuzi zimelegea.

Akajumlisha. Sitini na tano kwa mia.
Kabla ya kupasuliwa kichwa ilikuwa themanini;
uvimbe ulikuwa kama limau, daktari alisema,
na mzizi wake hawakuuthubutu.

Ndipo Nsimire akafungua kinywa:
Sitini na tano? Hiyo bei ya kwanza. Usikubali.

Cibalonza akauma kalamu asicheke, akacheka.
Miaka ishirini sokoni haiondoki na limau.
Jina la kitinda mimba wetu analitafuta kama ufunguo gizani,
lakini yule mama wa Panzi anayedaiwa tangu Pasaka
anamjua, na kiasi, na rangi ya beseni lake.

Nikamweleza basi habari ya sahani.
Muuguzi akatafuta kisanduku, juu, chini,
akaigeuza karatasi, na nyuma yake, penye weupe,
akaandika kwa mwendo wa mtu anayeandika barua.
Namba haikubadilika.

Miaka ishirini na miwili nimelala kushoto kwake,
upande wa ukuta, penye joto.
Usiku ule nikahamia kulia,
pale ambapo upepo wa ziwa unapita chini ya mlango.
Akanipapasa uso, paji, pua, ndevu,
akanyamaza kidogo.
Ulikuwa wapi wiki zote hizi?

Kwenye foleni ya maji, nikasema.